Uzi: Chama chetu kina laki sita na elfu sitini za Krismasi. Katika mambo ya farasi wa mbio, tumpe nani?

Saisi Mstaafu, Jinja

Wadau, salamu. Uzi huu ni mrefu, atakayechoka apumzike kisha arudi.

Kwa wasionijua: nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, Nairobi miaka kumi na minne, kwenye uwanja wa Ngong, ule uliofunguliwa 1954. Kazi ilianza saa kumi na moja alfajiri. Kabla hata ya chai unapitisha mgongo wa kiganja kwenye mguu wa farasi, kutoka gotini kushuka hadi juu ya kwato, mguu huu kisha ule, unalinganisha joto. Mmoja ukiwa na moto kuliko mwenzake, siku hiyo hakuna mazoezi, na mwenye farasi apigiwe simu hata kama bado amelala. Sasa nimerudi nyumbani, natunza farasi wanaobeba watalii kando ya Nile. Wawili kati yao walikuwa wa mbio.

Tuko kumi na mmoja, masaisi wa zamani na wapenzi wa mbio, tumetawanyika Jinja, Tororo na Malaba. Kila tarehe 26 Desemba tunakutana kwa mwenzetu mwenye dishi, tunatazama mbio za King George VI Chase kutoka Kempton, Uingereza. Kila mtu ametoa 60,000 za kusaidia, zimetimia 660,000. Anazishika Mama Akiba, na nyote mnamjua, haziwezi kupotea.

Tatizo ni kwamba mwaka jana tulitoa tukaumia. Ukurasa mmoja wa mtandaoni, siutaji, uliweka picha ya farasi mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji. Maneno yake: Ijumaa anachinjwa, zimepungua dola chache tu. Tukachanga mbio mbio, tukatuma kwa kadi ya mtoto wa mwenzetu. Jumamosi tukaambiwa ameokoka. Mbuzi wetu wa tarehe 26 akaliwa kwa amani. Mwezi wa tatu kijana yule yule ananiletea simu: farasi yule yule, ukurasa mwingine, anachinjwa tena Ijumaa. Nilimjua kwa soksi yake nyeupe ya mguu wa nyuma, kushoto, iliyopinda kama imevaliwa vibaya. Saisi anaweza kusahau sura ya shemeji yake, miguu ya farasi hasahau.

Wala hatari yenyewe si hadithi ya kutunga. Machinjio ya mwisho ya farasi Marekani yalifungwa 2007, na tangu hapo wamekuwa wakipakiwa malori kwenda Meksiko na Kanada. Hata wakubwa hawakupona. Farasi Ferdinand alishinda Kentucky Derby, mbio kubwa za Marekani, 1986, mwaka uliofuata akawa Farasi wa Mwaka, baadaye akauzwa Japani kwa ajili ya mbegu. Alipokosa wateja akaishia machinjioni, 2002. Habari ilipotoka watu walilia, na mwaka 2003 mwandishi wa habari mstaafu, Michael Blowen, akaanzisha Old Friends kule Kentucky, pahali ambapo madume wa mbio wanazeekea malishoni na watu wanakwenda kuwaona.

Lakini anayekuuzia huruma ya Ijumaa anaweza kuwa anamlipa mfanyabiashara yule yule bei nzuri kuliko ya nyama. Anachukua hela yako, Jumatatu yuko mnadani ananunua mwingine. Umemtoa mmoja ukamwekea mtaji wa wawili.

Basi mwaka huu tujadili kabla ya kutuma. Karibuni.

Kijana wa Malaba

Mzee wangu, kwa heshima zote. Mimi nauza mahindi hapa mpakani. Farasi mmoja wa mbio huko ng'ambo ananunuliwa kwa hela ambayo ingejenga zahanati. Mwenyewe ana ndege. Leo nitoe elfu sitini zangu ili farasi wa tajiri ale? Hapa kwetu farasi wa mbio tunaowajua ni wale wa kompyuta kwenye nyumba za kubeti. Wanakimbia kila dakika chache, hawavunjiki miguu, mbio zikiisha wanafutika.

Saisi Mstaafu

Ndiyo tofauti yenyewe, mwanangu. Wa kweli mbio zikiisha bado anataka majani.

Piga hesabu, wewe ni mtu wa mizani. Farasi wa kilo 500 anakula kama asilimia 2 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 10 za nyasi kavu. Kwa mwaka ni kilo 3,650. Wengi wanaacha mbio hata miaka saba haijafika, na akitunzwa anaishi hadi ishirini na tano au zaidi. Weka miaka ishirini: tani 73 za nyasi, farasi mmoja. Kwato zikatwe kila wiki sita hadi nane. Meno yasuguliwe. Na muda wote huo haleti hata senti.

Halafu anahitaji kufundishwa upya, na hapa watu wengi hawaelewi. Farasi wa mbio hajui kusimama mtu apande, amezoea joki, mpandaji wa mbio, kurushwa mgongoni huku anatembea. Ukivuta hatamu ili asimame, yeye anaegemea lijamu na kukaza mwendo, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Yule jike wangu wa pili, wiki ya kwanza hapa Jinja, alimpeleka kijana wa kazi hadi kwenye shamba la miwa la jirani. Miezi mitano ilipita ndipo nikathubutu kumpandisha mgeni. Hata Kauto Star, aliyeshinda King George mara tano, 2006 hadi 2009 kisha 2011, alipostaafu 2012 ilibidi aanze shule ya mwendo wa madaha, na watu wakagombana magazetini kama hiyo ni heshima au udhalili.

Kuhusu tajiri mwenye ndege, swali lako ni halali na ndilo la kwanza kumuuliza anayekuomba: wenye mbio wenyewe wanatoa nini? Uingereza kuna Retraining of Racehorses, ilianzishwa 2000 na wenye mchezo, kazi yake kuwatafutia farasi wa mbio maisha ya pili. Marekani kuna Thoroughbred Aftercare Alliance ya 2012. Hii haifugi farasi. Inakagua vituo vinavyowapokea, inavipa ithibati, kisha inavigawia fedha ambazo nyingi zinatoka kwa wafugaji, wamiliki na viwanja. Ukiwa na hela kidogo na hujui kituo kipi ni cha kweli, kuangalia nani amekaguliwa ni kazi ambayo wengine wameshakufanyia.

Afande Mstaafu, Tororo

Mnaongea farasi, farasi. Na anayekaa juu yake?

Mimi nampigia kura joki. Taja mchezo mwingine ambao gari la wagonjwa linakimbia nyuma ya wachezaji tangu mwanzo hadi mwisho. Desemba 1963 Tim Brookshaw alianguka Liverpool akavunjika mgongo. Miezi michache baadaye, kwenye mbio za Grand National za 1964, joki Paddy Farrell naye akaangukia uwanja huo huo wa Liverpool, Aintree, asitembee tena. Ndipo ukazaliwa mfuko wa majoki walioumia, Injured Jockeys Fund. Leo wana nyumba tatu za kuwarudishia watu viungo: Lambourn, Malton na Newmarket. Marekani nao wana mfuko wa mwaka 2006, Permanently Disabled Jockeys Fund, unawalipa posho waliopooza.

Huo wa Uingereza unauza pia kadi za Krismasi, ni maarufu sana. Nilitaka kuagiza.

Saisi Mstaafu

Afande, kadi usiagize. Ukinunua kadi, sehemu ya hela ni karatasi na uchapaji, nyingine ni posta ya kuvuka bahari, na huenda ikufikie Pasaka. Ukitaka kuwapa, wape moja kwa moja. Kadi na makombe ya chai ni vya watu wa kule, ambao wangenunua kadi vyovyote vile.

Joki nakubali. Ila niseme kitu kwa ubinafsi wa saisi. Joki akianguka, elfu nzima wanaona, kamera zinaona. Saisi anapigwa teke zizini saa kumi na mbili asubuhi na anayeona ni paka. Nina mbavu mbili zilizojiunga vibaya, dume mmoja alinibana ukutani nikimfunga bendeji. Mwajiri wa siku hizo alinipa siku tatu na panadol. Uingereza kuna Racing Welfare, inasaidia watu wa mazizi, wa mashamba ya uzazi na wa viwanjani, na simu yake inapokelewa usiku na mchana. Nilipoisoma mara ya kwanza nilinyamaza kidogo.

Mwana wa Bombo

Asalaam alaykum. Swali dogo: baadhi yetu kwenye chama ni Waislamu. Hii inaweza kuhesabiwa zaka? Na nimesikia kuna mmoja ametoa alichopata kwenye kubeti.

Afande Mstaafu, Tororo

Usinitazame mimi.

Mkagera, Bukoba

Waalaykum salaam, jirani. Zaka ina mafungu manane ya watu, yametajwa kwenye Qur'ani, na farasi hayumo. Sadaka ni mlango mwingine, upana wake mkubwa. Kila mtoto wa madrasa anakijua kisa cha mtu aliyeshuka kisimani kumchotea maji mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe. Toeni kama sadaka, zaka yenu muipeleke kwa wenyewe. Hiyo ya kubeti mrudishieni afande.

Daktari wa Mifugo

Nimesoma tangu juu, niongeze la kitaalamu kwa kifupi, niko kazini.

Farasi ni wachache Uganda si kwa sababu hatuwapendi. Mbung'o wanawaletea ugonjwa wa nagana. Halafu kuna tauni ya farasi ya Kiafrika, inasambazwa na visubi wadogo wanaouma kuanzia jua kutua hadi asubuhi. Kwa farasi asiye na kinga, vifo vinaweza kufika asilimia 90. Pundamilia hana habari nao, punda naye mara nyingi anapona. Farasi anaweza kuwa mzima Jumatatu, Jumatano povu linamtoka puani. Kinga ni chanjo pamoja na kuwaingiza ndani kabla ya magharibi.

Kwa hiyo kituo chochote cha Afrika Mashariki kinachosema kinatunza farasi wastaafu wa mbio, kiulizeni mambo mawili: chanjo ya mwisho ilikuwa lini, na jioni wanalala wapi. Picha ya farasi malishoni machweo inapendeza kwenye kalenda. Mimi ikinijia naona visubi.

Saisi Mstaafu

Daktari, ahsante, hilo la machweo nalichukua.

Sasa niwaambie nilichofanya wiki mbili hizi. Nimeandikia vituo vinne barua pepe, mjukuu akiniandikia. Sikuuliza wameokoa farasi wangapi, maana hilo kila mtu analijibu kwa furaha. Niliuliza: mna marobota mangapi ya nyasi leo, farasi wangapi, na mwaka huu mmewakataa wangapi?

Swali la tatu ndilo lenye uchungu. Kituo kisichowahi kumkataa farasi hata mmoja kinanitisha. Zizi la nafasi kumi likiwa na ishirini na tano, hapo hakuna uokoaji tena. Nimeona mahali hivyo kwa macho yangu, mbavu zinahesabika na wanapigania ndoo moja, na mwenyewe ni mtu mwema kabisa, analia anapokueleza.

Majibu: wa kwanza hakujibu. Wa pili alinitumia kijitabu cha picha na akaunti ya benki. Wa tatu alisema mambo hayo ni ya ofisi. Wa nne, mama mmoja anayeendesha kituo kidogo upande wa Kenya, alijibu usiku huo huo bila hata salamu ndefu: marobota 140, farasi 19, tumewakataa sita na bado nawaota. Robota moja pale ni kama kilo 15. Pigeni hesabu: kilo 2,100 kwa walaji wa kilo 190 kwa siku. Ni siku kumi na moja. Na amenitumia hesabu zake za mwaka jana, zimeandikwa kwa mkono na kupigwa picha, na risiti ya chanjo imebanwa pembeni.

Mimi kura yangu ni ya huyo. Jina nimempa Mama Akiba na daktari walithibitishe kwanza, sitaki kuliweka hapa kabla hatujaona cheti cha usajili. Wale wa Uingereza, usajili na hesabu zao ziko wazi kwenye tovuti ya Charity Commission, unasoma bure hata ukiwa Malaba. Wa Marekani wana fomu ya kodi inayoitwa 990, nayo iko wazi. Kwa wa kwetu tuombe cheti, na mmoja wetu aende akaone kwa macho.

Mpanda Mlima, Kapchorwa

Nimekuwa nasoma kimya. Samahani kama natoka nje ya mada.

Huku kwetu hakuna farasi wa mbio. Kuna punda. Anashusha mahindi na viazi kutoka juu mlimani, barabara ikigeuka tope hakuna gari, ni yeye tu. Gunia linafungwa kwa kamba ya nailoni moja kwa moja kwenye ngozi. Jumapili iliyopita nilimwona mmoja sokoni, mwenyewe aliposhusha mzigo, ngozi ya mgongo ilikuja na kamba. Inzi walikuwa wanasubiri. Mwenye punda si katili, ni mama mjane, na yule punda ndiye ada ya watoto.

Hawa hawana mtu wa kuwawekea picha Krismasi. Ni ndugu wa farasi, au sivyo?

Kijana wa Malaba

Hapo sasa nimeelewa. Hapo natoa elfu sitini nyingine.

Saisi Mstaafu

Hujatoka nje ya mada hata kidogo. Mashirika makubwa ya farasi mengi yaliingia kwa mlango huo. Mwaka 1930 mwanamke wa Kiingereza, Dorothy Brooke, alifika Cairo akakuta farasi wa jeshi lao waliobaki tangu Vita Kuu ya kwanza, waliuzwa, sasa wanavuta mawe mitaani wakiwa vipofu na mifupa mitupu. Aliandika barua gazetini kwao, hela zikaja, akanunua kama elfu tano. Wengi aliwanunua ili wafe siku hiyo bila maumivu, hilo watu hawapendi kulisikia. Mwaka 1934 akafungua hospitali. Leo shirika la Brooke linafanya kazi Kenya na kwingineko, na sehemu kubwa ya wagonjwa wake ni punda. Donkey Sanctuary ya Uingereza, ya 1969, nayo imo. Na mnakumbuka Februari 2024 Umoja wa Afrika ulikubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, ile ngozi inayochemshwa kutengeneza dawa ya ejiao China. Mashirika haya yalipiga kelele miaka mingi.

Lakini kwa huyo mama mjane sidhani kama hela ndiyo ya kwanza. Chini ya tandiko la farasi kuna kitambaa kinene, kila saisi ameshona vingi. Gunia mbili za katani, blanketi kuukuu katikati, unaacha mfereji juu ya uti wa mgongo ili mzigo ukae pande mbili za mbavu na usiguse mfupa. Saa mbili kimekwisha. Tuko masaisi saba kwenye chama hiki wenye sindano na mikono isiyo na kazi Januari. Nauli ya Kapchorwa kila mtu ajilipie.

Mpanda Mlima, utupatie uwanja wa soko siku moja na mablanketi ya zamani. Uzi wa kushonea nitaleta mimi.

Mpanda Mlima, Kapchorwa

Mzee, blanketi zipo kanisani. Nitaongea na watu wa soko kesho. Mje na makoti, huku ni baridi.

Mama Akiba, Tororo

Nimewaachia muongee, sasa nisikilizeni.

Moja, hela haigawanywi mara tano. Mnataka majoki, masaisi, Kentucky, Cairo na punda, kila mmoja apate ya soda? Zinakwenda kwa mtu mmoja. Afande, majoki wako Uingereza wana watu wengi, mwaka huu utawaombea.

Mbili, makato. Kila mtu akituma peke yake tunalipa ada mara kumi na moja. Zinakwenda pamoja, mara moja, kwa simu kwenda Kenya, na nitaweka ujumbe wa uthibitisho hapa kila mtu auone.

Tatu, nimempigia simu yule mama wa marobota. Tumeongea dakika ishirini, nusu yake alikuwa anamfokea mbwa. Nikamuuliza, nikutumie Krismasi? Akasema Desemba mvua ndogo zimeacha majani kidogo na watu wa mjini wana roho nzuri, wanaleta. Shida ni Februari. Jua limechoma kila kitu, robota limepanda bei, na simu hailii. Akaomba kama tunaweza kusubiri.

Saisi Mstaafu

Huyo ni mtu wa farasi. Tusubiri. Na kwenye ujumbe usiandike ya nyasi wala ya farasi fulani. Andika ya matumizi ya kituo, ili farasi akiumwa tumbo usiku wa manane asishindwe kumlipa daktari kwa sababu hela imefungwa kwenye nyasi.

Daktari wa Mifugo

Naunga mkono. Naenda Nairobi mwanzoni mwa Februari kwa shughuli zangu, nitapita nione. Jioni, makusudi.

Afande Mstaafu, Tororo

Sawa. Lakini tarehe 26 mbuzi yupo?

Mama Akiba, Tororo

Mbuzi yupo, analipiwa kando. Zile 660,000 ziko kwangu hadi tarehe 10 Februari. Na wewe Afande, pamoja na Kijana wa Malaba, najua Januari ina ada za shule. Msinipigie.